Dawa ya deni ni kulipa, lakini Marekani doa hubaki

Tumekua tukiambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Dukani kwa Mangi ilikuwa kweli: unachukua unga na mafuta, jina lako linaingia kwenye daftari, mwisho wa mwezi unalipa, anapitisha mstari juu ya jina, yamekwisha. Nilihamia Houston na imani hiyo. Mwaka 2018 nikapigiwa simu kuhusu deni la dola 412 la laini ya simu niliyoiacha nilipohama nyumba. Niliona aibu, nikalipa palepale kwa kadi, simu ikiwa bado sikioni, na dada wa upande wa pili akanishukuru kwa sauti laini. Miezi miwili baadaye niliomba nyumba ya kupanga, nikakataliwa. Deni lilikuwa bado limekaa kwenye ripoti yangu ya mikopo, yaani kumbukumbu ya madeni yangu na jinsi ninavyoyalipa. Kilichobadilika ni neno moja tu kando yake, linalosema limelipwa.

Tangu siku hiyo nimekaa na watu wengi wa kwetu mezani, bahasha zikiwa zimetandazwa mbele yetu, na naona wengi wetu tunakwama mahali pamoja. Tunafunga mambo matatu kwa kamba moja. Kuna kudaiwa, kuna kushtakiwa, na kuna kuandikwa. Kila moja lina saa yake, na saa hizo haziendi pamoja.

Kudaiwa hakuna mwisho katika majimbo mengi: deni linaweza kuwa la miaka 12 na bado mtu ana haki ya kukuandikia barua kuliomba. Kushtakiwa kuna muda wa ukomo, na kila jimbo lina wake. Texas ni miaka 4, Minnesota ni 6, na majimbo mengi yako kati ya 3 na 6. Kuandikwa kunatawaliwa na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1970 inayohusu ripoti za mikopo: deni lililokwenda kwa wakusanyaji, yaani kampuni zinazofuatilia madeni yasiyolipwa, hukaa kwenye ripoti miaka 7, ikianza kuhesabiwa siku 180 baada ya pale ulipoanza kuchelewa na hukuwahi kulipa ukarudi sawa. Kwa hesabu ya kawaida ni kama miaka 7 na nusu tangu malipo ya kwanza uliyoyakosa.

Saa hii ya tatu haianzi upya. Ukilipa leo, ukilipa nusu, deni likiuzwa mara tano, tarehe ni ileile. Kampuni ikiisogeza mbele ili deni la zamani lionekane jipya, imevunja sheria. Saa ya pili ndiyo ya kuogopa, kwa sababu katika majimbo mengi malipo madogo tu, hata dola 20 za kuonyesha nia njema, yanaweza kuufufua muda wa kushtakiwa uliokuwa umekufa. Hapa Texas, tangu 2019, kampuni iliyonunua deni haiwezi kuufufua muda huo kwa malipo yako, lakini usichukulie kwamba jimbo lako liko hivyo. Ulizia kabla hujatoa senti.

Msomaji aliyetoka Kenya atasema hili analijua, kwani kule kuna CRB, kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji, na ukimaliza deni unakwenda kutafuta cheti cha kwamba uko safi. Hata TransUnion, mojawapo ya kampuni tatu kubwa zinazotunza daftari hili Marekani, inafanya kazi hiyo Kenya pia. Lakini hapa hakuna cheti cha namna hiyo. Kuna ripoti tatu, za Equifax, Experian na TransUnion, kila moja inajitegemea, na anayetaka kukupangisha nyumba au kukukopesha gari anasoma anayoitaka. Deni linaweza kuwa kwenye mbili na lisiwepo kwenye ya tatu. Ndiyo maana kazi yote inaanza kwa kuchukua zote tatu kwenye AnnualCreditReport.com, ambako kila mtu anaruhusiwa kuzipata bure kila wiki.

Sasa, deni linafikaje kwa wakusanyaji? Benki ya kadi isipolipwa kwa siku 180, huliandika kwenye vitabu vyake kuwa hasara. Kisha ama inamkabidhi wakala alifuatilie kwa kamisheni, ama inaliuza moja kwa moja. Tume ya Biashara ya Marekani ilichunguza biashara hiyo ya kununua madeni na kutoa ripoti Januari 2013: wastani wa bei ulikuwa senti 4 kwa kila dola. Deni lako la dola 1,000 huenda lilinunuliwa kwa dola 40, likiwa ndani ya faili lenye maelfu ya majina, mara nyingi bila mkataba wala karatasi ulizosaini. Sikuambii hili ili uone kwamba kulipa ni ujinga. Pesa uliyoitumia ni yako kuilipa. Lakini mtu anayekwenda kujadiliana lazima ajue mwenzake amesimama wapi, na huyu amesimama mahali ambapo dola 400 kati ya 1,000 bado ni faida nzuri.

Ukisoma ripoti utaona pia kwamba deni moja linaweza kuandikwa mara mbili: benki ya awali imeandika hasara yake, na mkusanyaji ameandika akaunti yake. Mkusanyaji akikubali kufuta, anafuta ya kwake tu. Ile ya benki inabaki pale. Nimeona watu wakilia kwamba wametapeliwa, kumbe waliahidiwa kitu kimoja wakaelewa viwili.

Kwa nini basi tuhangaike kufutwa, kama kulipa kwenyewe kunaandikwa? Kwa sababu ya namna alama za mikopo, zile namba zinazoonyesha unaaminika kiasi gani kukopeshwa, zinavyohesabiwa. Hakuna alama moja; kuna hesabu za FICO na za VantageScore, kila moja ina matoleo yake. FICO 8, ambayo bado inatumika sana, inalihesabu deni la wakusanyaji hata kama limelipwa, isipokuwa lile ambalo mwanzoni lilikuwa chini ya dola 100. FICO 9 na FICO 10 zinayapuuza yaliyolipwa, na VantageScore 3.0 na 4.0 hali kadhalika. Lakini kwa miaka mingi wakopeshaji wa nyumba wamekuwa wakitumia matoleo ya zamani zaidi, FICO 2, 4 na 5, na huko kulipa peke yake hakukuokoi. Meneja wa nyumba za kupanga naye mara nyingi haangalii hesabu hata kidogo. Anaangalia orodha. Akiona jina la kampuni ya kukusanya madeni, hasa kwa deni la nyumba, anakunja karatasi.

Ndipo linapokuja ombi ambalo watu wengi wamelisikia nusunusu: nitakulipa, na wewe unifute. Sheria haimlazimishi mkusanyaji kukubali. Wala haikukatazi wewe kuomba. Kampuni tatu za ripoti haziupendi mpango huu, kwa sababu zinataka kila taarifa ya kweli ibaki mpaka muda wake uishe, na wakusanyaji wamesaini mikataba nazo. Kwa hiyo wapo watakaokujibu kwamba hawaruhusiwi. Wapo watakaokubali bila kelele. Na wapo wanunuzi wa madeni ambao ni utaratibu wao kufuta baada ya kulipwa. Hutajua uko mbele ya nani mpaka uulize, na kabla ya kuuliza kuna kazi ya kufanya.

Mwaka jana mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu, alikuja nyumbani na bahasha aliyoifunga ndani ya kitambaa. Alikuwa anadaiwa dola 1,180 za nyumba aliyohama. Swali lake la kwanza halikuhusu pesa. "Ndugu yangu, wataniweka mu gereza?" Mtu kwenye simu alikuwa amemwambia kitu kilichofanana na hicho. Jibu ni hapana. Hili ni dai la kiraia, halina polisi wala halihusiani na karatasi zako za uhamiaji, na sheria ya mwaka 1977 inayowadhibiti wakusanyaji inawakataza kukutishia kifungo. Inawakataza pia kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 3 usiku kwa saa za kwako. Kanuni zilizoanza kutumika Novemba 30, 2021 zinachukulia kwamba simu zaidi ya 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja ni usumbufu. Kanuni hizohizo zinawazuia kukushtaki au kukutisha kwamba watakushtaki kwa deni ambalo muda wake wa ukomo umepita, na kukuandika kwenye ripoti kimyakimya kabla hawajakutafuta.

Barua yake ilikuwa na siku 11. Hilo lilikuwa jambo jema sana, kwa sababu ndani ya siku 30 tangu upate taarifa ya kwanza ya deni una haki ya kulipinga kwa maandishi na kudai uthibitisho, na wakishaipata barua yako wanatakiwa kusimamisha ukusanyaji mpaka wajibu. Baada ya siku 30 bado unaweza kuandika, ila nguvu ya kuwasimamisha imeondoka. Tukaandika: tunapinga kiasi hiki, tuleteeni mchanganuo wake, mkataba, na jina la mdai wa awali. Tukaipeleka posta kwa njia ya kusainiwa wakati wa kupokea, tukabaki na risiti.

Majibu yakaja na karatasi ya mchanganuo. Kodi ya wiki mbili, usafi, na dola 465 za zulia la chumba kimoja. Mama akaishika ile karatasi muda mrefu, kisha akachukua simu yake na kuanza kupitia picha, harusi, ubatizo, watoto kwenye theluji ya mwaka ule, mpaka akafika siku waliyohamia. Mtoto wake amekaa chini anakula mkate, na nyuma yake, kwenye zulia, kuna doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani. Doa lilikuwepo kabla yao.

Hapo ndipo ninapotaka watu watulie. Kitu ambacho si kweli hakijadiliwi. Kinapingwa, bure, kwa mkusanyaji na kwa kampuni zote tatu za ripoti, ambazo zina siku 30 za kuchunguza, wakati mwingine 45. Deni si lako, kiasi si hicho, tarehe imesogezwa, limeandikwa mara mbili na wakusanyaji wawili: hayo yote ni ya kupinga, si ya kulipia. Kujadiliana ni kwa sehemu inayobaki, ile ambayo ni yako kweli. Ukianza kwa kusema "nitalipa" kabla ya kuangalia, unanunua na makosa yao.

Kwa yule mama iliyobaki ilikuwa dola 715. Tukauliza swali linalofuata, ambalo wengi hawaulizi: deni hili ni lenu, au mnalikusanya kwa niaba ya mtu? Aliyelinunua anaamua mwenyewe. Wakala inabidi arudi kwa mwenye deni. Wale walikuwa mawakala, na walipopata ombi letu walijibu kwamba lazima wamwulize mwenye nyumba. Ilichukua wiki tatu. Katika wiki hizo simu ziliendelea kuja zikimhimiza alipe "leo hii" ili mambo yaende haraka, na kila mara mama alijibu sentensi moja tuliyoifanyia mazoezi: nitumie kwa maandishi. Simu si mahali pa kujadili pesa. Unachokubali huko hakikumbukwi na mtu mwingine isipokuwa wewe, na namba ya akaunti ya benki ukiitoa huko, imeshatoka.

Barua ya ombi inaandikwa kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Sikiri kwamba nawajibika kwa deni hili. Ili kulimaliza, niko tayari kulipa dola 500 kwa mkupuo mmoja kwa masharti mawili. Kwanza, malipo hayo yahesabiwe kuwa yamemaliza deni lote, na salio lisiuzwe wala kukabidhiwa mtu mwingine. Pili, ndani ya siku 30 baada ya kuyapokea, mtaagiza Equifax, Experian na TransUnion waondoe kabisa akaunti hii, si kuibadilisha isomeke imelipwa. Nikipata kukubali kwenu kwa maandishi, nitatuma malipo ndani ya siku 10. Ombi hili si ahadi ya kulipa mpaka mlikubali."

Neno "kabisa" lina kazi pale. Mkusanyaji akikuandikia kwamba "atarekebisha taarifa zako" au "ataonyesha kuwa limelipwa", hajakubali kukufuta. Mrudishie barua. Na kiasi cha kuanzia kiwe ambacho unacho mkononi siku hiyo, kwa sababu kinachowavutia ni mkupuo. Ukiomba kulipa kwa miezi kumi, punguzo linayeyuka na kufutwa kunasogezwa hadi mwisho, kama hujakosa mwezi mmoja katikati.

Punguzo lenyewe lina mkia. Ukisamehewa dola 600 au zaidi, mdai anaweza kuipelekea mamlaka ya kodi fomu ya 1099-C, na kiasi ulichosamehewa kikahesabiwa kama kipato chako cha mwaka. Kama wakati huo madeni yako yalizidi mali zako, kuna fomu ya 982 ya kuomba kisihesabiwe. Watu hushtuka Februari bahasha inapofika, kwa hiyo liweke akilini siku unapojadiliana.

Wakati mwingine ushauri wangu ni kuacha. Deni likiwa limekaa kwenye ripoti miaka 6 na zaidi, limekaribia kuondoka lenyewe, na kama muda wa kushtakiwa umepita, kumgusa mkusanyaji kunaweza kuleta shida ambayo haikuwepo. Kama dhamiri yako inakutaka ulipe, lipa, naiheshimu sana dhamiri hiyo. Lakini usilipe ukidhani unanunua kufutwa kwa kitu kilichobakiza miezi michache.

Madeni ya hospitali yana njia yake, na hapa naomba usome polepole, maana ndiyo yanayotuumiza zaidi. Tangu Julai 2022 kampuni tatu za ripoti zimeondoa madeni ya matibabu yaliyolipwa, na hazionyeshi ambayo hayajafikisha mwaka mmoja. Tangu Aprili 2023 zimeondoa pia yale ambayo mwanzoni yalikuwa chini ya dola 500. Kwa hiyo kwa deni la hospitali huhitaji kumbembeleza mtu akufute: likilipwa, litoke. Mwaka huohuo wa 2023, Colorado na New York zilipitisha sheria za kuyazuia madeni ya matibabu yasiingie kwenye ripoti. Januari 2025 serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya kuyaondoa yote nchi nzima, lakini Julai mwaka huo mahakama ya shirikisho hapa Texas ikaifuta, hivyo ukisikia mtu anasema deni la hospitali haliandikwi tena popote, mweleze hivyo.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hayo. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi, zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka kuuomba, hata kama deni limeshakwenda kwa wakusanyaji. Nimeona bili ya maelfu ikishuka hadi sifuri kwa fomu ya kurasa nne na nakala za hati za mshahara. Fomu hiyo hawaileti mezani kwako. Uliza kwenye dirisha la malipo, na uliza kama ipo kwa Kiswahili, maana penye wasemaji wengi wa lugha hospitali inatakiwa kuitafsiri.

Sasa kuhusu wale wanaopita kwenye makundi ya WhatsApp wakiahidi kukufutia kila kitu kwa dola 800 za kutanguliza. Sheria ya mwaka 1996 inayosimamia kampuni za kurekebisha ripoti inawakataza kupokea malipo kabla kazi haijafanyika, na inakupa siku 3 za kazi za kuvunja mkataba. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanakuuzia namba ya tarakimu tisa uitumie badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii ili uanze ukurasa mpya. Kuomba mkopo kwa namba hiyo ni jinai, na kwa mtu ambaye hajapata uraia jinai ya udanganyifu ni mzigo mzito kuliko deni lolote la zulia.

Barua ya kukubali ya yule mama ilikuja Ijumaa, ikiwa na masharti yote mawili. Tulitoa nakala tatu kabla ya kufanya lolote. Alilipa kwa hawala ya posta, siyo kwa kadi wala kwa akaunti, akaambatanisha nakala ya barua yao. Siku 40 baadaye tukafungua ripoti. Equifax ilikuwa safi, TransUnion safi, Experian bado inaonyesha deni lenye salio sifuri. Hili hutokea, na dawa yake ni kupeleka pingamizi Experian ukiambatanisha barua ya makubaliano, na nakala nyingine kwa mkusanyaji. Wiki tatu zikapita.

Tulipofungua tena, sehemu ya wakusanyaji ilikuwa na mstari mmoja tu unaosema hakuna akaunti. Mama aliutazama, akaniomba niuchapishe ukurasa ule hivyohivyo ulivyo. Akaukunja mara mbili, akaurudisha ndani ya kile kitambaa pamoja na risiti ya posta, na Jumatatu akaenda nao ofisini kwa meneja wa nyumba.